Neno Lililomkimbiza Mpiga Pasi

3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Sisi huku wazima, isipokuwa wale waliozoea kuumwa. Baba yako jino linamtesa tangu mwaka mpya, ila kumwona daktari hataki. Anasema jino ni lake na watamalizana wenyewe. Harusi ya binamu yako imesogezwa mbele kwa sababu bwana harusi kanenepa na koti la suti halifungi. Wamempa miezi minne ajirekebishe.

Sasa nisikilize, maana nakuandikia miguu yangu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi.

Unamkumbuka msimamizi wetu wa dobi hapa hotelini. Amestaafu mwezi wa kumi na mbili, na tangu aondoke tunajiendea wenyewe: shuka zinafuliwa, taulo zinakunjwa, mambo yanakwenda. Mwezi uliopita tukaletewa meneja mpya wa hoteli, mama mmoja mrefu kutoka nchi za mbali. Mpole, lakini Kiswahili chake bado hakijafika hata kwenye salamu. Anazungumza nasi kwa vikaratasi. Ijumaa akanipa changu mkononi, akatabasamu, akaniminya bega. Kimeandikwa kwamba kuanzia Jumatatu angependa mimi "run the laundry".

Laundry najua ni dobi, limeandikwa mlangoni. Hilo la kwanza ndilo lililotushinda. Mzee Pasi, yule mpiga pasi wetu anayevaa tai hata ndani ya mvuke, ana kamusi ndogo isiyo na jalada. Akalamba kidole, akafunua, akasoma: run, kimbia. Akaifunga.

"Dada," akasema, "unatakiwa ukimbie."

"Nikimbilie wapi?"

"Humu humu dobini."

Mwanangu, nina miaka hamsini na saba na kilo ambazo hazikuhusu. Lakini amri ya kazi ni amri. Jumatatu nikakaza aproni, nikaanza. Kutoka kwenye mashine hadi kwenye kamba za kuanikia, mbio. Kutoka kwenye kamba hadi kwenye meza ya kukunjia, mbio. Wenzangu walipoona nakimbia wakaona haya kutembea, nao wakakimbia. Jumanne mama wa taulo aliteleza kwenye povu akaingia mzima mzima ndani ya kikapu cha foronya. Meneja alichungulia mlangoni, akatutazama kwa muda, akainua kidole gumba, akaenda zake.

Mama wa mapokezi anajua Kiingereza, lakini ukimuuliza jambo asubuhi, mchana mpishi anakusimulia wewe mwenyewe. Ndiyo maana nakuuliza wewe uliyekwenda huko kufanya kazi ya kutafsiri. Neno hili halina maana nyingine yenye huruma? Jibu upesi. Mimi najikaza kisabuni, lakini magoti hayajui kujikaza.

Shangazi yako.


1 Machi

Shikamoo shangazi,

Barua yako nimeipata jana tu. Ilikaa ofisini, nami siku hizi kazi zangu nazifanyia nyumbani. Nimehamia chumba kidogo nyuma ya duka la vioo. Jua likichomoza, kila kioo kinaniletea la kwake, kwa hiyo naamka mapema nipende nisipende. Mpe baba pole ya jino. Mwambie karafuu inatuliza, daktari anamaliza.

Shangazi, acha kukimbia. Kaa kwanza kitini ndipo usome mstari unaofuata.

Hapo neno hilo maana yake ni kuendesha, kusimamia. Meneja hakukutuma mbio. Amekufanya mkuu wa dobi.

Neno hilo Waingereza wamelibebesha kazi kama mtumishi wa nyumba yenye watu wengi. Miguu ikienda mbio, ni hilo. Mashine ikizunguka, ni hilo. Bomba mkiliacha wazi, maji yana-run. Mwenye mafua, pua yake ina-run. Nguo mpya ikichuja, rangi ime-run. Sabuni ikiwaishia, hilo hilo tena na kiambatisho chake, run out. Mtu akigombea ubunge ana-run, hata kama tumbo lake halijawahi kukimbia popote. Na ukaidi wa baba na jino lake, ambao babu alikuwa nao na mimi pia ninao, wao husema una-run ndani ya ukoo. Kamusi ya Mzee Pasi imekutajia mtu mmoja katika mtaa mzima.

Hongera, shangazi yangu. Miaka kumi na tisa ndani ya mvuke ule, ni haki yako. Niandikie ilivyokuwa siku ya kwanza ulipokaa kwenye kile kiti cha msimamizi chenye mto. Kazini kwangu hawajambo.

Mwanao.


19 Machi

Mwanangu,

Salamu zako zimefika na karafuu baba yako ameitafuna. Amesema imesaidia, kisha uso ukamvimba mpaka jicho moja likafungwa. Bwana harusi sasa anakula matikiti maji tu. Ana hasira na watu wote, lakini koti limeanza kumwelewa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nimefurahi kujua kwamba hata pua ina mbio zake. Wala tusiwacheke, kwetu moyo huenda mbio, saa ya ukutani huenda mbio, na hakuna aliyewahi kuvivalisha viatu.

Dobini wote wazima. Mzee Pasi amepungua sana. Suruali anaifunga kwa kipande cha kamba ya kuanikia, na mkewe amefurahi, anasema amerudishiwa bwana aliyemwoa.

Nina swali dogo la lugha. Mtu akijua maana ya neno, na mwenzake hajui, naye akanyamaza tu akamwacha hivyo hivyo, je, Waingereza wana neno la jambo hilo? Nauliza tu.

Karatasi imekwisha, naishia hapa.

Shangazi yako.


8 Aprili

Shikamoo shangazi,

Wazima huku, ila fundi vioo hapa mbele amevunja kioo cha mteja na tangu juzi wanagombana mlangoni kwangu. Mpe baba pole, na sasa namwomba kwa adabu aende kwa daktari. Nikirudi nimkute na uso wake ninaoujua.

Umeandika kwamba karatasi imekwisha. Shangazi, nusu ya ukurasa ilikuwa nyeupe. Umenipa habari za suruali ya Mzee Pasi na hukunipa hata neno moja la cheo chako. Ulinilea tangu nina miaka sita. Ukikwepa jambo nakujua, unauliza swali la kujifanya hulijali. Kuna nini? Umekaa kwenye kiti au hujakaa? Na Mzee Pasi ameupotezea wapi unene wake?

Nami nina swali. Zile mashine zenu za kufulia zikiwashwa bila maji ndani, hutokea nini? Na fundi wenu, akitaka kumkanya mtu asifanye hivyo, husemaje? Niandikie maneno yake yenyewe, usiyapambe. Tafadhali usiniulize kwa nini.

Mwanao.


27 Aprili

Mwanangu,

Baba yako amekwenda. Jino limetoka, amelifunga kwenye karatasi na anawaonyesha wageni. Salamu zimeishia hapo, kwa sababu leo nina mzigo wa kutua.

Kitini sikukaa. Kabla barua yako haijafika, goti langu la kushoto lilivimba likawa kama mkate. Nikamwomba Mzee Pasi aniandikie meneja kwa Kiingereza: kwamba namshukuru, lakini umri umekwenda, kukimbia siwezi, aniruhusu nitembee. Akaniandikia vizuri, kwa mwandiko wa kulala. Meneja alisoma, akanitazama kwa huzuni, akanishika mkono. Kesho yake akampa kikaratasi Mzee Pasi, na shada zima la funguo: basi yeye ndiye ata-run.

Mzee Pasi akadhani anaadhibiwa kwa kuniandikia barua. Lakini ni mtu wa fahari. Akasema yeye hajazeeka. Akakaza tai, akaanza mbio, peke yake, na funguo zikilia kiunoni. Zile funguo alituambia ni za kutujulisha kwamba anakuja, tumpishe.

Alikuwa anakimbia hivyo barua yako ilipofika. Nikaisoma nyuma ya mashine ya tatu. Nikajua kwamba mimi ndiye niliyeteuliwa kwanza na kwamba sasa yeye ndiye mkuu wangu. Mwanangu, roho yangu iligeuka. Nikawaza, huyu alijua. Aliisoma kamusi yake, akaona maana zote, akanisomea moja. Kisha akaniandikia barua ya kukataa cheo ili akichukue. Basi nikaikunja barua yako, nikaitia mfukoni, nikamwacha akimbie.

Wiki sita. Nilikuwa nakunja taulo namtazama akipita.

Na kwa kuwa mkuu wetu alikuwa mbioni, hakuna aliyekuwa anasimamia chochote. Jumanne iliyopita mama wa taulo alitia vitambaa vipya vyekundu vya mezani pamoja na shuka themanini nyeupe. Zilitoka zote rangi ya ulimi. Meneja aliziona kwenye kamba kutoka dirishani kwake. Akaandika kikaratasi, akakiacha kwenye meza ya Mzee Pasi: rangi zime-run, njoo tuzungumze.

Unajua mafundi wanapaka rangi ukumbi, na madebe yao yanalala kwenye stoo yetu, ambayo ufunguo anao Mzee Pasi. Akasoma: rangi zimekimbia. Akaingia stoo, akahesabu madebe, moja halipo. Fundi alikuwa amelichukua asubuhi mlango ulipokuwa wazi, lakini yeye hakujua. Akavua tai, akaiweka juu ya pasi iliyopoa, akaenda kwake. Siku mbili hakuonekana.

Siku ya tatu nilikwenda. Mkewe akanifungulia. Nilimkuta amekaa kitandani, mfuko wa nguo umefungwa miguuni, amenyoa ndevu, anawasubiri polisi.

"Dada," akasema, "mimi rangi sikuchukua."

"Najua."

"Zimekimbia zenyewe."

"Hazikukimbia popote. Zimechuja. Shuka zimekuwa za waridi, basi."

Nikaitoa barua yako, nikamsomea kuanzia pale penye kiti mpaka kwenye ubunge. Aliposikia mkuu wa dobi akauliza, "Barua hiyo ilifika lini?"

"Katikati ya mwezi wa tatu."

Akahesabu kwa vidole, polepole, akarudia. "Wiki sita, dada?"

"Sita."

"Na siku ile niliyopanda ngazi mara kumi na moja?"

"Nilikuona."

Mkewe pale mlangoni alicheka mpaka akakaa chini. Yeye hakucheka. Nikamwambia ukweli wote, kwamba nilidhani alijua, na kwamba aliniandikia ile barua makusudi ili apate kiti changu.

Akanitazama. "Ningejua, dada, ningekimbia?"

Nikaikunja barua yako, nikainuka. Amekubali tuonane na meneja keshokutwa, lakini njia nzima ya kunisindikiza alitangulia hatua kumi mbele yangu.

Swali lako la mashine. Ikiwashwa bila maji inaungua. Fundi wetu ameandika ukutani kwa chaki: USIWASHE KAMA HAKUNA MAJI. ITAUNGUA. Hakupamba chochote, wala mimi sijapamba. Umesema nisikuulize kwa nini, nami sikuulizi, ila najua ofisi haimpi mtu kazi ya kufanyia nyumbani miezi mitatu.

Shangazi yako.


16 Mei

Shikamoo shangazi,

Umenishika. Mficha uchi hazai, basi nami nazaa.

Tangu mwisho wa Januari nilikuwa nimesimamishwa kazi. Kampuni yetu inauza pampu za maji, nami ndiye niliyetafsiri kitabu cha maelekezo. Kulikuwa na mstari mmoja wa Kiingereza unaosema pampu isi-run ikiwa kavu. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na cheti kipya, na nilijiona najua. Nikaandika: Usikimbize pampu ikiwa imekauka. Wakachapa nakala elfu mbili.

Mama mmoja mwenye bustani ya mboga alinunua pampu, akasoma. Akasema ya kwake imefungwa kwa nati kwenye saruji, haiendi popote, hivyo onyo hilo halimhusu. Akaiwasha kisima kikiwa kikavu. Ikaungua. Akaibeba hadi ofisini kwetu, akaitua juu ya meza ya mkuu wangu, na chumba kizima kikanuka waya. Mkuu akaniita, akanifungulia ukurasa, akaniuliza, "Umewahi kuiona pampu ikikimbizwa?" Akaniambia nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa.

Barua yako ya kwanza ilipofika, na neno lile lile ndani yake, nilidhani mtu amekusimulia, nawe unanidhihaki. Nilikaa nayo chumbani siku nzima kabla sijaanza kukujibu. Zile maana zote nilizokupangia kwa mbwembwe nilikuwa nimezisoma mwezi ule ule, shangazi, huku nalia. Ningekuwa nimekwenda ofisini kuulizia barua mapema, ungejibiwa kabla ya goti kuvimba. Sehemu ya mbio za Mzee Pasi ni zangu.

Nilipopata maneno ya fundi wenu nilivaa viatu nikaenda ofisini bila kuitwa. Nikayaweka mezani kwa mkuu. Akayasoma kwa sauti, mara mbili.

"Nani kaandika?"

"Fundi wa dobi, ukutani, kwa chaki."

Akanisukumia kitabu kizima. "Nenda kakiandike chote hivyo. Ukimaliza usiniletee mimi. Mpelekee yule mama wa bustani umsomee."

Nimekwenda juzi. Alinisikiliza akiwa ameshika jembe, hakuniambia karibu wala kaa. Nikasoma kurasa kumi na mbili nimesimama juani. Nilipofika mwisho akasema, "Kitabu hiki sasa kinasema na mimi." Kisha akaniletea maji ya kunywa.

Jumatatu narudi kazini. Lakini usiku silali vizuri mpaka nijue Mzee Pasi alisema nini mbele ya meneja. Shangazi, ulimkosea. Nakwambia nikijua nani kanilea.

Mwanao.


9 Juni

Mwanangu,

Harusi imepita. Koti lilifunga mpaka wakati wa picha, kisha kifungo kikaruka kikampata mpiga ngoma. Baba yako alicheza na pengo lake wazi. Alipojua ya pampu yako akasema hata yeye angeiwasha. Hiyo ni radhi yake, ipokee.

Ulisema nilimkosea, na hukukosea.

Tulikwenda kwa meneja sote wawili, na mama wa mapokezi akawa mkalimani. Nilieleza yote kuanzia kikaratasi cha kwanza. Mama wa mapokezi alikuwa anatafsiri huku anajifuta machozi, na kweli, mchana mpishi alinisimulia mimi mwenyewe. Meneja hakucheka. Alijishika mashavu. Akasema aliona Mzee Pasi akikimbia kila siku, akafikiri ndivyo wakuu wa huku wanavyoonyesha bidii, akaona si heshima kuuliza. Akamwomba radhi. Kisha akauliza, sasa nani asimamie?

Mwanangu, nikamtazama Mzee Pasi. Nilijua sistahili kujisemea. Kama Mzee Pasi angesema kiti ni chake, ningepiga saluti.

Akarekebisha tai. "Mwambieni mimi ni mtu wa pasi," akasema. "Dobi ni huyu dada. Anajua kila shuka ilipochanikia. Lakini nina sharti. Asimame mbele ya wenzetu wote aseme aliniona nakimbia, na alijua, na alinyamaza."

Nikasimama kesho yake, kati ya mashine na meza ya kukunjia, watu kumi na wanne wananitazama. Nikasema. Mama wa taulo alitaka kucheka, nikamkata kwa jicho, maana halikuwa la kuchekesha kwangu. Mzee Pasi alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye pasi yake. Salamu tukawa tunapeana, lakini chai alikuwa anakunywa peke yake, upande wa dirisha, mgongo amenigeuzia. Wiki tano nzima.

Jumatano hii nikaandika tangazo langu la kwanza la mkuu wa dobi, nikalibandika mlangoni. Kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha ninayoweza kuijibia. Niliandika kwamba Jumamosi asubuhi sote tupige deki. Atakayechelewa apige simu. Mzee Pasi atapiga pasi mapazia ya ukumbi, asisumbuliwe. Saa sita tutapiga picha ya wafanyakazi wote.

Saa nne meneja akashuka. Siku hizi amenunua kamusi, ndogo kama ile ya Mzee Pasi, na anajifunza kwa bidii. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko shuka. Akaweka kidole kwenye tangazo, akashuka nalo mstari kwa mstari, na kila mstari ameuwekea alama ya kalamu nyekundu. Akaniuliza kwa Kiswahili chake, neno moja moja, "Jumamosi. Nani. Anapiga. Nani?"

Dobi zima likakaza midomo. Mama wa taulo akaingiza kichwa ndani ya mashine ili asionekane. Nikamwona Mzee Pasi ameinua macho juu ya pasi, hamwangalii meneja, ananiangalia mimi.

Sikumwacha meneja na hofu ile hata dakika moja. Nikamvutia kiti chenye mto, nikamkalisha. Nikachukua tambara na ndoo, nikapiga deki mbele yake. Nikaweka simu sikioni. Nikajifanya nina kamera. Alipoelewa akatoa daftari, akaandika, akataka zaidi. Nikamwonyesha kupiga mswaki na kupiga hodi. Ukurasa ukajaa.

Kwenye pasi nikakwama, kwa kuwa hiyo si kazi yangu, na pasi yenyewe iko mkononi mwa mwenyewe. Nikageuka nimwombe, sijui kwa sauti gani. Alikuwa ameshaichomoa. Akaja nayo, akamwonyesha meneja kwenye foronya moja, polepole, akasema neno lenyewe mara mbili ili aliandike. Akaongeza na kupiga chafya na kupiga miayo, ambazo mimi nilizisahau, akapiga zote mbili hapo hapo.

Kisha akaenda kwenye dirisha lake. Nilidhani amemaliza. Akarudi na kikombe chake cha chai, akavuta kigoda, akakaa kando yangu.

Shangazi yako,
mkuu wa dobi.